Ini Limo Kichwani

Vinh Chau, mwezi wa tisa. Ukungu juu ya bwawa,
ukungu ndani ya gunia.
Shangazi Ut Nhan hakuuona wa pili
kwa kuwa wa kwanza ulikuwa mzuri mno.

Bata ndio waliotangulia.
Vifaranga kumi na saba, asubuhi moja,
shingo zimepinda kuelekea mgongoni,
naye akalaumu nyoka.
Kisha nguruwe jike, asiyefikia umri wa kupandwa,
akavimba nyuma, akawa anatafuta dume asiyekuwepo.
Akalaumu mwezi mpevu.

Kamba hawakufa.
Afadhali wangekufa, alisema, ningejua pa kuanzia.
Walikula. Kila alipoinua sinia la kulishia
lilikuwa tupu, limelambwa.
Siku ya tisini wanunuzi wa Soc Trang
wakawamimina kwenye mizani,
wakatazamana.

Mimi ndiye niliyesomeshwa kwa kamba.
Nikatia ishirini kwenye barafu,
nikarudi nao maabara, Can Tho, kwa pikipiki,
maji yakinidondokea kisogoni mwa mguu njia nzima.

Kamba hubeba ini kichwani,
limeungana na kongosho, tone la kahawia nyuma ya macho.
Akifikiri, kama anafikiri,
anafikiri kando ya jaa lake.
La hawa lilikuwa limepauka, rangi ya chai
iliyotiwa maji mara ya tatu.

Sikiliza, Shangazi, nilimwambia kwa simu,
sumukuvu inapoingia haina meno.
Ni mgeni aliyekaa kimya sebuleni.
Ini ndilo linaloamka kumtoa:
vimeng'enya vinamshika, vinampachika pembe ya oksijeni
ili ayeyuke, atoke na mkojo,
na hapo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa,
pembe ile inachoma vinasaba.
Kuosha ndiko kunakojeruhi.
Ini lingenyamaza, je, sumu ingepita?
Labda. Sijaona ini linalojua kunyamaza.

Bata ni hodari wa kunoa pembe hiyo. Ndiyo maana.
Ng'ombe wa jirani, wa Lam Khuong, alionjeshwa gunia lile lile
akacheua; tumboni mwake mna umati usioonekana
unaotafuna baadhi ya sumu kabla yake,
na iliyobaki akaipeleka kwenye maziwa,
kwa adabu, imebadilishwa jina.
Nguruwe alikutana na kuvu nyingine,
mwili wake ukaigeuza ikawa kali zaidi,
ikaiga sauti ya homoni, akaiitikia.
Na mahindi yenyewe, yakiwa bado shambani
katika nchi ambayo gunia halikuitaja,
yaliivisha sumu shati la sukari yasidhurike.
Tumbo likalivua shati.

Kamba hujivua gamba kila baada ya siku kumi hivi.
Kila mara anatoka mpya, laini, anang'aa,
isipokuwa kichwani.

Kimya. Nikasikia magurudumu yakipiga maji.
Na wewe, akauliza, uliyekula kwangu miaka kumi na minane?
Bata wangu. Maziwa ya Khuong.

Nilikuwa na tarakimu. Nilikuwa na jedwali.
Nikamsomea: chini ya kiwango, chini ya kiwango,
na mkono wangu, bila kuagizwa,
ulikuwa umeshika mbavu za kulia.

Magunia manne yalikuwa yamebaki.
Deni la dukani nalo.
Hakuniambia aliyafanya nini.
Jumapili niliyakuta uzioni, matupu,
yamegeuzwa ndani nje, yanakauka,
na yeye amechutama ukingoni na pumba za mchele
akinusa kila konzi
kabla ya kuitupa majini.